Ukilala na anayekoroma: sikiliza kwanza, ndipo uzibe masikio

Wanaoulizia vizibo vya masikio huwa wameshachoka. Wamehamia sebuleni, wamejifunika mto kichwani, wamemsukuma mwenzao kwa kiwiko usiku kucha, na sasa wanataka kitu kimoja tu, kimya. Ni haki yao. Mtu mzima anahitaji saa 7 za usingizi au zaidi, na anayekatizwa kila mara huamka na kichwa kizito, hasira za karibu na kazi isiyokwenda. Vizibo vinasaidia kweli, na hapa chini nitaeleza kwa kirefu namna ya kuvivaa, maana wengi huvivaa vibaya kisha wakasema havifai.

Lakini kuna jambo linalotangulia. Mkoromo ni sauti ya njia ya hewa iliyobana, na mara nyingine ni dalili ya ugonjwa ambao mgonjwa mwenyewe hawezi kuugundua kwa sababu amelala. Shahidi ni wewe unayelala ubavuni mwake. Ukiziba masikio kabla hujasikiliza, ugonjwa huo unabaki bila shahidi. Ndiyo maana hatua ya kwanza haihusu vizibo kabisa.

Nimeandika nikizifikiria nyumba zetu nyingi: chumba kimoja au viwili vya kupanga, kitanda kimoja, pengine na mtoto pembeni. Ushauri wa kuhamia chumba cha wageni hausaidii pasipo na chumba cha wageni.

Hatua ya kwanza: sikiliza usiku mmoja au miwili masikio yakiwa wazi

Tukilala, misuli ya koo hulegea. Kaakaa laini, kimio kinachoning'inia nyuma ya mdomo na shina la ulimi husogeleana, na hewa ikipita kwa nguvu kwenye uwazi huo mwembamba, nyama hizo hutetemeka. Huo ndio mkoromo. Kwa mtu mwenye mafua, aliyechoka sana au aliyelala chali, mara nyingi hauna madhara yoyote kwake. Anayeumia ni jirani yake wa kitanda.

Cha kuogopa zaidi ya ukubwa wa sauti ni kimya kinachoikata sauti hiyo. Sikiliza kama kuna mpangilio huu: anakoroma, mkoromo unapanda, halafu ghafla hakuna kitu. Ukimtazama, kifua na tumbo vinahangaika lakini hewa haipiti. Baada ya muda anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo kama aliyekuwa anakabwa, anajigeuza, na mkoromo unaanza upya. Asubuhi hakumbuki lolote, atakuambia amelala vizuri tu.

Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, madaktari huhesabu tukio moja. Wakijumlisha matukio ya pumzi kukatika na ya pumzi kupungua sana, 5 hadi 14 kwa saa huitwa hali hafifu, 15 hadi 29 ya kati, na kuanzia 30 ni kali. Hesabu hiyo hufanywa kwa vipimo, si kwa sikio, kwa hiyo usikeshe ukihesabu. Kazi yako ni kujua tu kama kimya hicho kipo au hakipo. Kila kinapotokea, oksijeni mwilini hushuka, ubongo huamshwa kwa nguvu na presha hupanda. Hali hiyo ikijirudia usiku baada ya usiku kwa miaka, humweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi, na humfanya asinzie akiwa kazini au kwenye usukani.

Simu yako inatosha kuwa kifaa cha ushahidi. Mwombe ruhusa mchana, kisha usiku iweke kwenye stuli karibu na kichwa chake irekodi kwa nusu saa hivi. Chagua saa za kuelekea alfajiri, kwa sababu kwa watu wengi pumzi hukatika zaidi katika usingizi wa ndoto, ambao huwa mwingi mwisho wa usiku. Video fupi yenye mwanga hafifu ni bora kuliko sauti peke yake, daktari ataona kifua kinavyohangaika.

Mwaka 2008 daktari Frances Chung na wenzake wa Toronto, Kanada, walichapisha maswali manane ya kukadiria hatari ya pumzi kukatika usingizini, yaitwayo STOP-BANG, ambayo kwanza yalikusudiwa wagonjwa wanaosubiri upasuaji. Unaweza kuyapitia pamoja na mwenzako mkiwa mmekaa kitako. Je, anakoroma kwa sauti ya kusikika nje ya mlango uliofungwa? Mchana anachoka au anasinzia ovyo? Kuna aliyemwona pumzi ikikatika usingizini? Ana presha, au anameza dawa za presha? Uzito wake ukigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, jibu linazidi 35? (Kwa mtu wa mita 1.70 hiyo ni kama kilo 101.) Umri umepita miaka 50? Shingo inazidi sentimita 40? Utepe wa fundi cherehani unatosha kuipima. Na je, ni mwanamume? Kila "ndiyo" ni alama moja. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo, 3 au 4 ya wastani, 5 na kuendelea ni kubwa.

Akifika 3, au ukiwa umekisikia kile kimya kwa masikio yako, mpeleke hospitali hata kama alama nyingine ni chache. Anzeni kituo cha afya au hospitali ya wilaya mkaombe rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo. Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC, Bugando na Kenyatta zina vitengo hivyo. Kama anaendesha lori, daladala au bodaboda na anasinzia mchana, hili si la kusubiri mwisho wa mwezi. Na kama ana upasuaji wowote unaokuja, hata wa ngiri, mwambieni mtoa dawa ya usingizi kwamba anakoroma na pumzi hukatika. Taarifa hiyo hubadilisha namna watakavyomwangalia.

Tiba ipo. Inayotumika zaidi kwa hali ya kati na kali ni CPAP, mashine inayosukuma hewa kupitia kinyago ili koo lisifunge. Profesa Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na wenzake waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Ni ghali na inahitaji umeme, kwa hiyo ulizeni mapema habari za betri na vipuri kabla ya kununua.

Kuna makundi mawili ambayo nakuomba usiyazoee. La kwanza ni watoto. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, anayelala mdomo wazi, anayejinyonganyonga kitandani au kutoka jasho jingi, mara nyingi ana nyama za pua au mafindofindo makubwa. Daktari humchunguza, na ikibidi humtoa nyama hizo kwa upasuaji unaojulikana vizuri. Usimpeleke mtaani akatwe kimio kwa wembe. Mkato huo umewaletea watoto kutokwa damu isiyokatika na maambukizi mabaya, na nyama zinazoziba pua zinabaki pale pale. La pili ni mjamzito ambaye hakuwa akikoroma na sasa anakoroma sana. Mabadiliko hayo yamehusishwa na presha ya ujauzito. Ayataje kliniki, na akiwa pia anaumwa kichwa, anaona maruweruwe au amevimba uso na mikono, aende siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili: mwambie mchana

Saa 8 ya usiku si saa ya maongezi. Aliyeamshwa kwa kusukumwa atajitetea, na wewe utakuwa na maneno makali mdomoni. Ngoja mpumzike, mkiwa wawili tu. "Baba Asha, usiku nimesikia pumzi yako inakata halafu unashtuka. Nimeingiwa na hofu" ni kauli inayomfikia mtu. "Unanikoromea kama nini sijui" humfanya anune. Mkoromaji hakuchagua kukoroma, na wengi huona aibu, hasa wanawake, ambao hukoroma pia ila husemwa kwa dhihaka zaidi.

Ile rekodi msikilize nyinyi wawili na daktari. Haiendi kwenye kundi la familia la WhatsApp, haichezwi mbele ya mashemeji.

Hatua ya tatu: upunguze mkoromo wenyewe

Hapa msaada mkubwa kwa gharama ndogo ni mkao. Anayelala chali ulimi wake huanguka nyuma, anayelala ubavu hewa hupita vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba mtu huanza ubavu akaishia chali bila kujua. Chukua fulana ya kubana, mshonee mfuko mdogo mgongoni katikati ya mabega, weka mpira wa tenisi au soksi zilizoviringwa zikawa ngumu, kisha ufunge mdomo wa mfuko kwa uzi. Akijigeuza chali atasumbuka kidogo na kurudi ubavu bila kuamka. Mto mrefu wa kukumbatia nao humzuia asiviringike. Kama mnainua kichwa, inueni miguu ya kitanda ya upande wa kichwani kwa matofali au vipande vya mbao imara. Kurundika mito mitatu hukunja shingo na kuibana njia ile ile mnayotaka kuifungua.

Kisha pua. Pua iliyoziba humlazimisha mtu kupumulia mdomo, na mkoromo huongezeka. Chunguza chumba kabla ya kukimbilia dawa: vumbi kwenye chandarua na juu ya kabati, godoro la siku nyingi, moshi wa dawa ya mbu ya kuchoma, sigara. Na udi. Najua chumba cha kulala bila harufu ya udi ni kigumu kukubalika kwa watu wengi wa pwani, lakini kama mkoromaji ana mzio wa pua, fukiza jioni mapema, fungua madirisha, na moshi uwe umeisha kabla ya kulala. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi husaidia pia: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Lazima yawe yamechemshwa, maji ya bomba hayapelekwi puani hivi hivi. Matone ya kuzibua pua yanayouzwa famasi yatumike siku chache tu kama yalivyoandikwa, kwani yakizidi pua huziba upya kuliko mwanzo.

Pombe hulegeza koo. Anayekunywa aache saa 3 au 4 kabla ya kulala, na utaona tofauti usiku huo huo. Dawa za usingizi kama diazepamu hufanya vivyo hivyo, na kwa mtu ambaye pumzi hukatika ni za hatari bila ushauri wa daktari.

Uzito ni safari ndefu zaidi, lakini faida yake imepimwa. Utafiti wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulifuatilia watu kwa miaka kadhaa ukaona kwamba kupungua uzito kwa asilimia 10 kuliendana na kupungua kwa yale matukio ya pumzi kwa takriban asilimia 26, na kuongezeka kwa asilimia 10 kuliendana na ongezeko la takriban asilimia 32. Kwa hiyo hata nusu ya safari ina malipo. Yapo pia mazoezi ya ulimi na kaakaa, ambayo watafiti wa São Paulo, Brazili, waliyajaribu kwa miezi 3 na mkoromo ukapungua: kusukuma ulimi dhidi ya kaakaa, kuuteleza nyuma kando ya kaakaa, kuufyonza wote juu. Hayana gharama, ila yanadai kufanywa kila siku.

Neno moja kuhusu kufunga mdomo kwa plasta, mtindo unaozunguka kwenye simu. Sishauri. Ukimfunga mdomo mtu ambaye pua yake imeziba au pumzi yake hukatika, unamnyima mlango wa pili wa hewa.

Wakati hayo yote yanafanyiwa kazi, kuna hila ndogo inayowasaidia wengi: mwenye usingizi mwepesi atangulie kulala nusu saa kabla ya mkoromaji. Ukishazama, sauti hukuamsha kwa shida zaidi kuliko unapokuwa bado unausubiri usingizi huku ukiihesabu kila pumzi yake.

Hatua ya nne: chagua kizibo kinachokufaa

Sasa vizibo. Vya sponji, vile vidogo vya njano au rangi ya chungwa unavyovibinya vikanywea kisha vikatanuka ndani ya sikio, ndivyo ningekushauri uanze navyo. Ni vya bei nafuu na vikivaliwa sawasawa vinazuia sauti kuliko aina nyingi. Famasi kubwa huwa navyo, lakini ukikosa nenda kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, yale yanayouza helmeti, buti na vizibao vya kung'aa. Kwa Dar es Salaam anzia Kariakoo. Vikiwa vimeunganishwa kwa kamba, ikate kamba kabla ya kuvivaa kitandani. Masikio hayalingani, na wanawake wengi wana tundu dogo zaidi, hivyo tafuta saizi ndogo kama ya kawaida inauma au inatoka yenyewe.

Vya nta hulainishwa kwa joto la vidole na kufinyangwa. Ni vya zamani kuliko vya sponji: mfamasia Max Negwer wa Berlin alianza biashara yake ya vizibo hivyo mwaka 1907. Vya silikoni laini hufunika mlango wa sikio tu, kwa nje, na hupendwa na wanaolala ubavu kwa sababu havichomozi. Usivisukume ndani, kwani vipande hubaki. Vya mpira wenye ngazi ngazi huoshwa na kudumu muda mrefu, ila kikonyo chake husukumwa na mto ukilala ubavu.

Pamba haifai. Hupunguza sauti kidogo mno, na nyuzi zake hubaki ndani. Tishu ndiyo mbaya kabisa, ikilowa hugeuka uji sikioni. Spika za masikio zenye muziki wa kuuzidi mkoromo nazo uziache: unaongeza kelele juu ya kelele, usiku mzima, kwenye sikio ambalo lilipaswa kupumzika.

Kwenye paketi za Marekani utaona herufi NRR na namba, na za Ulaya SNR: ni kipimo cha desibeli, yaani vipimo vya ukubwa wa sauti, ambazo kizibo hupunguza. Vizibo vya sponji vilivyo bora hufika NRR 33. Namba hiyo ni ya maabara, ambako mtaalamu amehakikisha vimekaa barabara. Idara ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, hutumia hesabu ya tahadhari: toa 7, gawa kwa 2. Kwa hiyo 33 inakuwa desibeli 13. Mkoromo wa desibeli 60, ambao ni kama watu wawili wanaozungumza karibu yako, utabaki 47. Inaonekana kidogo, lakini sikio la binadamu husikia punguzo la desibeli 10 kama sauti iliyokatwa nusu. Kwa hiyo tarajia mkoromo wa mbali, usitarajie kaburi. Mvumo wa chini wa mkoromo ndio mgumu kuzuiwa, na mtikisiko wa godoro haupitii masikioni hata kidogo.

Kwa masalia hayo, feni ndiyo rafiki. Mvumo wake ulio sawa hufunika sauti ndogo zinazopenya kizibo. Umeme ukikatika, sauti ya mvua iliyorekodiwa kwenye simu, chini chini, hufanya kazi hiyo hiyo.

Hatua ya tano: vivae sawasawa

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anakichomeka kizibo nusu, kinaning'inia mlangoni mwa sikio, anasikia kila kitu, anakitupa. Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 2.5 na imepinda. Usipoinyoosha, kizibo hukwama kwenye kona.

Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa. Kishike kizibo cha sponji kwa vidole viwili au vitatu ukiviringe, ukianza taratibu na kuongeza nguvu, mpaka kiwe chembamba kama kijiti. Kiviringe, usikikunje, kwani mikunjo huacha mifereji ya kupitisha sauti. Sasa pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio, uivute juu na nyuma. Njia imenyooka. Ingiza kizibo haraka kabla hakijatanuka, kisha kizuie kwa ncha ya kidole kwa sekunde 20 hadi 30 kikijaza njia. Usikiache mapema, kitasukumwa nje. Fanya upande wa pili.

Jaribu kwa kuhesabu kwa sauti. Sauti yako ikisikika nzito, kama inatoka ndani ya kichwa, kimekaa. Kisha funika masikio yote kwa viganja na uondoe. Kama kelele za chumbani zimepungua sana ulipofunika, kizibo hakijaziba. Kitoe ukianze upya. Kinachobaki nje kiwe karibu sawa na mlango wa sikio, kisichomoze kikasukumwa na mto, ila uweze kukishika. Kamwe usikisukume hadi usikifikie.

Usiku wa kwanza utasikia moyo wako, mate yako, meno yakigusana. Huzoeleka. Wengine huvivaa kwa nusu saa jioni wakiwa wanasoma ili mwili uvizoee kabla ya kulala navyo. Wenye mlio wa kudumu masikioni huusikia zaidi wakiziba, na kwao feni peke yake huenda ikafaa kuliko vizibo.

Asubuhi kizungushe taratibu ili hewa iingie, ndipo ukivute. Kukichomoa kwa ghafla huvuta ngoma ya sikio na kuuma.

Baada ya kuvizoea, panga usiku wa mara moja moja wa kulala bila vizibo, hasa mwenzako akinenepa, akianza dawa mpya au akianza tiba ya CPAP. Mkoromo hubadilika, na daktari atataka kujua umebadilika vipi.

Hatua ya sita: panga vile ambavyo ni lazima uvisikie

Kengele ya simu huenda usiisikie. Weka simu itetemeke ukiiweka chini ya foronya au kwenye mkeka wa kitanda upande wako, mbali na chaja. Saa ya mkononi inayotetemeka ni bora zaidi. Anayeamka kwa adhana ya alfajiri ajue kwamba huenda adhana isimfikie tena, aweke kengele yake.

Penye mtoto mchanga, mmoja wenu masikio yawe wazi kila usiku. Gawaneni zamu: leo mama anaziba, kesho baba. Mama anayenyonyesha peke yake bila msaidizi asizibe masikio yote mawili. Anaweza kuziba la juu tu na kulalia la pili upande ule mto unapolizuia nusu, ambalo ni punguzo dogo lakini si ukiziwi. Kanuni hiyo hiyo inamfaa anayemuuguza mzee usiku. Na waambie wenzako wa nyumbani kwamba unaziba masikio, ili kukiwa na moto, mgonjwa au mwizi waje wakuguse, wasibaki wanaita mlangoni.

Vizibo viwekwe mbali na watoto wadogo. Ni saizi hasa ya kumkaba mtoto.

Hatua ya saba: tunza masikio

Cha sponji kikichafuka, kikawa kigumu au kisipotanuka vizuri, kitupe. Ni bora kubadilisha kila baada ya siku chache kuliko kubana matumizi. Cha silikoni cha kufinyanga kinatupwa kikipoteza mnato. Cha mpira kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa kwenye kikasha chake. Kila mtu awe na vyake.

Joto la pwani linahitaji uangalifu wa ziada. Jasho likifungiwa sikioni usiku kucha, ngozi hulowa na vijidudu hupata makazi. Ukitoka kuoga au kuogelea, inamisha kichwa kila upande maji yatoke, kausha kwa kitambaa kwa nje, na usubiri sikio likauke kabla ya kuziba. Mchana acha masikio yapumue.

Kizibo pia huzuia nta ya sikio isitoke yenyewe kama kawaida yake, ikajikusanya. Ukianza kusikia kwa shida hata bila vizibo, usichokoe kwa kijiti cha pamba, njiti ya kiberiti wala ufunguo. Unaishindilia tu. Matone ya mafuta ya zeituni kwa siku chache huilainisha kama ngoma yako ya sikio ni nzima, na ikishindikana muuguzi ataisafisha.

Usivitumie kabisa kama sikio linatoa usaha, kama ngoma imetoboka, au kama umefanyiwa upasuaji wa sikio karibuni, mpaka daktari akuruhusu. Muwasho unaozidi, maumivu ukivuta sikio au ukibonyeza kile kinundu cha mbele yake, au majimaji yenye harufu ni ishara za maambukizi ya njia ya sikio. Acha vizibo siku hiyo, usitumbukize kitu chochote ndani, na nenda zahanati. Mwenye kisukari asisubiri hata siku mbili kwa maumivu ya sikio, kwani kwake maambukizi hayo yanaweza kuingia hadi kwenye mfupa.